Kwa Wanavajo, Mganga Huitwa Mwimbaji

Wanavajo, wenyeji wa asili wa kusini-magharibi mwa Marekani, ambao wenyewe hujiita Diné, humwita mganga wao hataałii, maana yake mwimbaji. Mtu akiugua huitiwa mwimbaji, na wimbo ndio moyo wa tiba. Sisi tusemao Kiswahili hatupati shida kulielewa hilo, maana kwetu ngoma ni chombo, ni mchezo, na ni uganga vilevile. Tuanzie hapo basi, tuyaweke kando tuliyoyaona kwenye filamu za kauboi.

Uimbaji wa Usiku, mojawapo ya sherehe zao za tiba, huchukua siku tisa. Haufanywi ila majira ya baridi, nyoka wakiwa wamelala na radi zimekoma. Hataałii na wasaidizi wake huchora sakafuni sura za watakatifu wao, wakidondosha unga wa mawe ya rangi katikati ya vidole. Ni kazi ya saa nyingi. Mgonjwa hukalishwa juu ya mchoro, nyimbo zikiendelea, kisha mchoro hufutwa siku hiyo hiyo. Kinachotafutwa ni hózhó: uzuri, amani na mambo kukaa sawa, yote kwa neno moja. Usiku wa mwisho wachezaji wenye vinyago huimba kwa sauti nyembamba ya juu mpaka kunakaribia kucha.

Binti akivunja ungo naye ana nyimbo zake, katika sherehe iitwayo Kinaaldá. Kwa siku nne hukimbia kuelekea mashariki, na usiku wa mwisho watu hukesha wakiimba huku mkate mkubwa wa mahindi ukiiva shimoni. Asubuhi binti huugawa kwa watu. Yeye mwenyewe hauonji.

Wasioux ni watu wengine kabisa, wa nyanda za kaskazini mwa Marekani. Ngoma yao kubwa, iliyowambwa ngozi pande zote mbili, hulazwa katikati na waimbaji huketi kuizunguka, kila mmoja na mkwiro wake. Kiongozi huanzisha juu kabisa, wenzake hudakia, kisha sauti hushuka ngazi kwa ngazi hadi itue. Nyimbo nyingi hazina maneno, ni silabi tu, na silabi hizo hushikwa kwa uangalifu kama maneno.

Serikali ya Marekani iliziogopa ngoma hizi. Kanuni za mwaka 1883 ziliifanya Ngoma ya Jua, ibada yao ya kiangazi, kuwa kosa. Mwaka 1890 Walakota, ambao ni tawi la Wasioux, waliipokea Ngoma ya Mizimu iliyofundishwa na Wovoka, mtu wa kabila la Wapaiute, wa Nevada: watu walishikana mikono wakazunguka wakiimba, bila hata kupiga ngoma, wakitumaini wafu wao na nyati wangerudi. Tarehe 29 Desemba mwaka huo, huko Wounded Knee, wanajeshi waliua Walakota zaidi ya 200, wakiwamo wanawake na watoto wengi.

Sheria ya kulinda dini za wenyeji hawa ilipitishwa mwaka 1978. Leo, kila kiangazi, wachezaji wa Ngoma ya Jua hufunga chakula na maji, wakicheza kuuzunguka mti mmoja uliosimikwa katikati ya uwanja, na kamera kwa kawaida hazipokelewi.