Mjusi wa Tendaguru: yanayosemwa na yaliyotokea

Mjadala wa kurejesha mali za kale zilizochukuliwa enzi za ukoloni ukifika Lindi, humwangukia mjusi wa Tendaguru, yaani dinosaria aliyechimbwa kwenye kilima cha Tendaguru mkoani humo, ambaye kiunzi chake, chenye kimo cha zaidi ya mita 13, kiko makumbushoni Berlin, kilikosimamishwa mwaka 1937.

Dhana iliyoenea zaidi ni kwamba mifupa hiyo ilichimbwa na Wajerumani. Werner Janensch na Edwin Hennig, na baadaye Hans Reck, waliongoza kazi hiyo iliyofanyika kati ya mwaka 1909 na 1913, lakini walioshika majembe ni mamia ya vibarua wa Kiafrika chini ya msimamizi wao, Boheti bin Amrani, na hayo yalifanyika miaka michache tu baada ya Vita vya Majimaji kuiacha Kusini katika njaa. Mifupa ilifungwa kwa mianzi, wapagazi wakaibeba kwa miguu mwendo wa siku kadhaa hadi bandarini Lindi, na jumla yake ilizidi tani 200.

Wengine husema ilichukuliwa kisheria. Ni kweli kwamba serikali ya kikoloni iliitangaza ardhi ya Tendaguru kuwa mali ya dola, ila sheria hiyo aliitunga yule yule aliyenufaika nayo.

Upande wetu nao una dhana yake, kwamba kila kilichoko Ulaya kiliporwa na wakoloni. Kinyago cha Kimakonde kilichorejeshwa mwaka 2010 na makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva kiliibwa mwaka 1984, Tanzania ikiwa huru, kutoka Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Wanaodai kwamba hatuwezi kutunza vitu vyetu huushikilia wizi huo, bila kutaja kwamba mnunuzi alipatikana Ulaya, wala kwamba mabomu ya Februari 1945 yalibomoa mrengo mzima wa makumbusho yale yale ya Berlin.

Mwisho, hudhaniwa kwamba ama mjusi mzima arudi, ama abaki. Kiunzi kile kimeunganishwa kwa mifupa ya wanyama zaidi ya mmoja, na fuvu lake ni nakala. Isitoshe, shehena ya Tendaguru ilikuwa na spishi nyingine kadhaa za dinosaria, akiwemo Kentrosaurus, na sehemu yake kubwa imewekwa ghalani, haionwi na watazamaji. Kwa maoni yangu, madai yangeanzia kwenye akiba hiyo, na yangetaja waziwazi kwamba mahali pake ni Lindi, si Dar es Salaam.