Rimu ya bei ndogo haithibitishi kwamba chuo kinajua kununua

Nimeletewa tena jedwali lile lile: vyuo vikuu vya umma kushoto, bei ya rimu ya A4 kulia, na duara jekundu kwenye chuo chenye bei kubwa. Chini yake swali: "Kwa nini Mbeya wananunua ghali kuliko Dar es Salaam?" Anayeuliza huwa ana jibu lake tayari, kwamba kuna mtu anakula. Huenda yupo. Lakini kwa jedwali hilo hutamwona.

Chukua mzani kwanza. Karatasi ya A4 ni sehemu moja ya 16 ya mita ya mraba, kwa hiyo rimu ya karatasi 500 za gramu 80 kwa mita ya mraba ina kilo 2.5. Ya gramu 70 haifiki kilo 2.2. Kwenye jedwali zote mbili ni "karatasi A4, rimu". Zishike stoo, moja kila mkono, utaijua tofauti kabla hujafungua. Halafu, bei ina VAT au haina? Mzigo umefikishwa chuoni au umechukuliwa dukani Kariakoo? Mpaka Mbeya ni zaidi ya kilomita 800 za lori. Zimenunuliwa rimu 50 au 5,000? Haya kila afisa ugavi anayajua, siyarefushi.

Linaloniudhi ni tarehe ya malipo, maana haimo kwenye jedwali lolote ninaloletewa. Wazabuni wanajua chuo kipi hulipa ndani ya mwezi na kipi huwazungusha mpaka Julai, mwaka mwingine wa fedha unaanza na deni bado lipo. Mzabuni amekopa benki, na riba haimsubiri mhasibu. Kwa hiyo akiandika bei ya chuo hicho cha pili, anauza karatasi na anajilipa kwa kusubiri. Mikataba maalumu ya GPSA, wakala wa serikali wa huduma za ununuzi, inasaidia kuzuia bei kupaa ovyo, lakini haimharakishii mtu malipo. Tangu zabuni zihamie NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi wa mtandaoni, mwaka 2023, bei ya kushinda zabuni ndiyo kila mtu anaikimbilia, kana kwamba habari inaishia pale.

Hapa hata njia yangu ya kulinganisha bei inanitia shaka. Nikiiondoa kwenye bei gharama ya kusubiri ili vyuo vilingane, namtendea haki afisa ununuzi, lakini naficha hasara yenyewe: chuo kinachochelewesha malipo, au ruzuku inayochelewa kutoka Hazina. Nisipoiondoa, namtwisha mtu wa manunuzi mzigo usio wake. Kwa sasa naweka safu mbili, bei ya ankara na bei iliyorekebishwa. Wakubwa hawaridhiki, wanataka namba moja ya kupanga vyuo, wa kwanza mpaka wa mwisho.

Namba hiyo siitoi. Anayetaka nimlinganishie alete, kwa kila chuo, LPO (hati ya kuagizia mzigo), hati ya kupokelea mzigo na tarehe fedha zilipoingia kwenye akaunti ya mzabuni.