Unguja hadi Pemba kwa ndege: umbali mmoja, muda tofauti

Kutoka Uwanja wa Ndege wa Abeid Amani Karume, Unguja, hadi uwanja wa Pemba ulio karibu na Chake Chake ni kilomita 125 hivi. Huo ndio umbali wa anga, yaani urefu wa njia fupi kuliko zote juu ya uso wa dunia baina ya viwanja viwili, bila kujali bahari wala vijiji vilivyo katikati. Hupatikana kwa kupiga hesabu ya latitudo na longitudo za viwanja vyenyewe. Kwa kuwa dunia ni mviringo, njia hiyo huonekana imepinda ikichorwa kwenye ramani: ndege ya London kwenda Los Angeles hupanda kaskazini hadi pande za Greenland. Kwa Unguja na Pemba, weka rula juu ya ramani, inatosha.

Marubani huhesabu kwa maili za baharini, ambazo kila moja ni mita 1,852. Kwao safari hii ni kama maili 68.

Muda ndio wenye mambo. Ndege nyingi za njia hii ni ndogo, kama Cessna Caravan ya injini moja, ambayo ikishatulia angani huenda kama kilomita 300 kwa saa. Gawanya, utapata dakika 25. Lakini ratiba husema kama nusu saa, kwa sababu muda wa safari huanza kuhesabiwa ndege inapoondoka kwenye maegesho, si magurudumu yanapoacha ardhi. Kuna kujongea hadi njia ya kurukia, kupanda, kisha kujipanga kutua. Kikokotoo cha mtandaoni kinachochukulia kila ndege ni jeti ya kilomita 800 kwa saa kitakupa dakika tisa angani. Hizo dakika tisa ni za kwenye karatasi tu, maana hata jeti halisi ingelazimika kuanza kushuka kabla haijaufikia mwendo huo.

Halafu kuna upepo. Pemba iko kaskazini-mashariki ya Unguja, kwa hiyo wakati wa kusi ndege inayokwenda Pemba husukumwa na upepo kutoka nyuma, na wakati wa kaskazi hukabiliana na upepo. Tuseme upepo unaongeza au kupunguza kilomita 30 kwa saa: dakika 25 zinakuwa 23 au 28. Ila ndege hupaa na kutua ikiukabili upepo, na njia ya kurukia ya Unguja imelala kaskazini-kusini. Kwa hiyo siku ya kusi rubani huanza kwa kuelekea kusini, akiipa Pemba mgongo, ndipo ageuke. Sehemu ya zile dakika alizopewa na upepo huishia kwenye mzunguko huo. Siku ya kaskazi hupaa akiwa tayari ameelekea upande wa safari yake. Wakati wa kurudi, mambo hubadilika.

Kwa anayelinganisha ndege na boti, nusu saa hiyo haitoshi kama kipimo. Aongeze muda wa kufika uwanjani mapema, kupima mizigo na kusubiri kuitwa. Na upande wa boti asisahau kwamba inayoshusha abiria Mkoani bado inamwachia safari ya gari hadi Chake Chake.