Wasikilizaji wanasifu nini katika albamu ya kwanza ya Curtis Mayfield?

Kila ninapoipiga albamu ya "Curtis" mbele ya watu wasioijua, sifa ya kwanza inayotoka midomoni mwao huwa ni ya maneno. Husema kwamba mwimbaji huyu ana ujasiri, na kwamba ameyataja waziwazi mambo ambayo wengine wangeyazungukazunguka. Sifa ya pili huchelewa kidogo kutamkwa, lakini miguu huwa imekwisha kuitoa: muziki huu unachezeka. Mimi ni mpiga besi na mwalimu wa muziki hapa Kampala, na wanaonisikiliza ni mchanganyiko wa wanafunzi, watumishi wastaafu, akina mama wa biashara na vijana wa bodaboda wanaopitia kwetu jioni baada ya kazi. Nimewasikia wote wakiisifu albamu hii, nami nakubaliana nao. Lakini nadhani sifa hizo mbili ni sifa moja, na anayezitenganisha, akaweka siasa huku na ngoma kule, bado hajaelewa jinsi kazi hii ilivyojengwa.

Kwa faida ya wasiomfahamu, Curtis Mayfield alizaliwa Chicago tarehe 3 Juni 1942, akaimba kanisani tangu utotoni, na akiwa kijana akaishi Cabrini-Green, mtaa wa nyumba za serikali uliojulikana kwa umaskini wake. Alipata jina akiwa na kundi la The Impressions, ambalo nyimbo zake za miaka ya 1960, kama vile "Keep On Pushing" ya 1964 na "People Get Ready" ya 1965, ziliimbwa na watu wa harakati za haki za Wamarekani weusi kana kwamba zilitungwa kwa ajili ya maandamano yao. Mwaka 1968 alishirikiana kuanzisha lebo ya Curtom, yaani kampuni ya kurekodi na kutoa muziki, na mwaka 1970 aliacha kuimba na kundi lake, akatoa albamu ya kwanza kwa jina lake mwenyewe mwezi Septemba mwaka huohuo. Kwa hiyo tunapoiita albamu ya kwanza, tukumbuke kwamba mtunzi wake hakuwa mwanagenzi. Alikuwa mtu wa miaka 28 aliyekwisha kuutumikia muziki kwa zaidi ya miaka 10, na ambaye sasa, kwa kuwa lebo ilikuwa yake, hakuhitaji kumwomba mtu ruhusa ya kusema alichotaka. Wanunuzi walimwelewa mara moja: albamu ilifika nafasi ya 1 katika orodha ya Billboard, jarida la muziki la Marekani, ya muziki wa souli, ule wa Wamarekani weusi wenye mizizi katika nyimbo za kanisani, na nafasi ya 19 katika orodha ya muziki wa jumla.

Wimbo unaofungua upande wa kwanza, "(Don't Worry) If There's a Hell Below, We're All Going to Go", ndio unaowashtua wasikilizaji kuliko yote, na wana haki ya kushtuka. Unaanza kwa besi yenye mkwaruzo mzito na sauti ya mwanamke anayezungumzia Kitabu cha Ufunuo. Kisha Mayfield mwenyewe anapaza sauti yenye mwangwi, akiwaita watu wa kila kundi, weusi kwa weupe, kwa majina ambayo mengine ni matusi ya mitaani, na kuwaambia wasiwe na wasiwasi, kwa kuwa kama jehanamu ipo, wote wataingia. Baadaye anamtaja Rais Nixon, aliyekuwa madarakani tangu Januari 1969, kuwa naye anawaambia watu wasiwe na wasiwasi. Msikilizaji anayekumbuka kwamba Martin Luther King aliuawa Aprili 1968, kwamba mitaa ya magharibi ya Chicago iliungua kwa ghasia siku zilizofuata, na kwamba Fred Hampton, kiongozi kijana wa Black Panther, chama cha siasa cha Wamarekani weusi, aliuawa na polisi katika mji huohuo Desemba 1969, atajua kwamba kitulizo hicho ni mashtaka.

Hajati mmoja kutoka Bombo, ambaye Kiswahili chake nakionea wivu, aliusikiliza wimbo huu hadi mwisho kisha akasema kwamba katika maisha yake amesikia mawaidha mengi juu ya moto, lakini hajawahi kumsikia mwonyaji anayejihesabu miongoni mwa watakaoingia. Sijasoma uchambuzi uliogusa kiini cha wimbo huu vizuri kuliko hivyo. Ukali wake hautokani na lawama, kwa sababu wanaolaumu ni wengi. Unatokana na kwamba mlaumu hakujitenga na wanaolaumiwa, naye ameliweka jina lake katika orodha ileile.

Sasa nije kwenye mapigo, kwa kuwa hapo ndipo kazi yangu ilipo. Msomaji aliyewahi kuona amadinda ikipigwa Buganda anao ufunguo wa kuelewa muziki wa fanki, yaani ule wa dansi wa Wamarekani weusi unaobebwa na besi na mapigo, hata kama hajui kwamba anao. Amadinda ina vipande 12 vya mbao, na wapigaji wawili huketi wakitazamana pande mbili za vipande hivyohivyo. Wa kwanza hupiga mkondo wake kwa hatua zilizo sawa, na wa pili huingiza mapigo yake katikati ya mapigo ya mwenzake, moja kwa moja, bila kugongana. Wa tatu hudokoa vipande viwili vya juu kabisa. Anachokisikia msikilizaji ni miondoko ambayo hakuna mkono hata mmoja unaoipiga yote, kwa sababu inazaliwa katika kupishana kwa mikono. Mtu akimwondoa mpigaji mmoja, wimbo haupungui kidogo tu, bali hutoweka.

Ndivyo ulivyojengwa wimbo wa kwanza wa albamu hii. Besi inarudia sentensi yake fupi bila kuchoka, gitaa lenye sauti ya kulialia linaingia pale besi inapopumua, matarumbeta yanakata kwa vipigo vifupi, na Henry Gibson, mpiga tumba aliyepewa jina la heshima la "Master", anajaza nafasi zilizobaki. Wanafunzi wangu wakisikia tumba zake huzitaja engalabi, ngoma ya Buganda, palepale, na hawakosei sana, kwa sababu ni ngoma ndefu ya mkono inayozungumza juu ya mapigo yaliyotulia. Ukitafuta ni chombo gani kinachokufanya utikise kichwa, hutakipata. Uchezekaji umo kati yao. Na hapo ndipo ninaposema siasa na ngoma ni kitu kimoja. Wimbo unaosema kwamba wote tumo katika hatari moja umepigwa kwa namna ambayo hakuna chombo kinachoweza kujitosheleza. Sidai kwamba Mayfield alikaa na kulipanga hilo kama hoja. Nasema tu kwamba masikio ya watu yanaipokea hoja hiyo kabla akili haijaifasiri.

Juu ya mzigo wote huo inakaa sauti nyembamba. Mayfield huimba kwa falseto, ile sauti iliyo juu kupita sauti ya kawaida ya mwanamume, na huimba kwa upole, karibu na kunong'ona. Wasikilizaji wengi huisifu sauti hii kwa utamu wake, lakini mimi naona kazi yake kubwa ni kugawa majukumu: hasira amepewa besi, na mwimbaji amebakiwa na huzuni na subira. Mwimbaji anayepiga kelele juu ya besi kali humfanya msikilizaji ajikinge. Huyu anayesema taratibu humfanya asogee karibu, na akishasogea, maneno mazito yanamfikia akiwa hana ngao.

Gitaa lake nalo lina siri yake. Alijifunza mwenyewe, na kwa kuwa alianza kwa kubonyeza vitufe vyeusi vya piano, alifunga nyuzi za gitaa zifuate sauti hizo, yaani katika Fa kali iliyo wazi, ambapo nyuzi zikipigwa bila kubonyezwa hutoa sauti za Fa kali zinazopatana, mfungo ambao karibu hakuna mwingine aliyeutumia. Ndiyo maana mapambo yake madogo, yale yanayoteleza nyuma ya sauti yake kama mtu anayeitikia, ni magumu kuigwa kwa gitaa lililofungwa kawaida. Vitufe vyeusi ni vitano katika kila oktavu, na muziki wa Buganda nao umejengwa juu ya sauti tano. Upangaji wa sauti hizo haufanani, lakini nashawishika kwamba ndiyo sababu mojawapo ya masikio ya hapa kumzoea haraka.

Wimbo ninaoupenda kuliko yote ni ule unaofunga upande wa kwanza, "We the People Who Are Darker Than Blue". Unaanza polepole, kwa uzito wa sala, na Mayfield hazungumzi na watawala wala na wabaguzi. Anazungumza na watu wake mwenyewe, akiwauliza kama watasimama tu na kuyaacha yale yanayosemwa juu yao yawe kweli, na anawakemea wanaopimana kwa weupe na weusi wa ngozi ilhali wote wametoka katika kisima kimoja. Kisha ghafla mwendo unakatika, ngoma zinaingia kwa kasi, tumba zinachukua uwanja mzima, na baada ya hapo utulivu wa mwanzo unarudi. Mara ya kwanza msikilizaji hudhani wimbo mwingine umeingia kwa makosa. Ukweli ni kwamba bila mpasuko ule wimbo ungebaki kuwa hotuba nzuri. Ngoma zinaonyesha nguvu ile ambayo maneno yanasema inapotezwa katika kugombana.

Katika wimbo huu wazee wa Uganda husikia jambo ambalo msikilizaji wa Chicago hakulisikia. Albamu ilipotoka, Milton Obote alikuwa madarakani, falme zilikuwa zimekwisha kufutwa na katiba ya 1967, na miezi minne baadaye, tarehe 25 Januari 1971, Idi Amin aliitwaa serikali. Mzee mmoja mstaafu alisema mbele yetu kwamba yeye hakufikiria rangi ya ngozi hata kidogo. Alifikiria kaskazini na kusini, na namna watu wa kazi moja walivyoanza kuulizana makabila. Sioni kwamba aliupotosha wimbo. Maneno yaliyoelekezwa kwa ndugu wa nyumba moja humfaa yeyote ambaye nyumba yake ina ufa, na ndiyo maana wimbo huu umesafiri mbali kuliko nyimbo nyingi za kuwashutumu maadui, ambazo huzeeka pale maadui wenyewe wanapoondoka.

Si kila wimbo unastahili sifa sawa. "The Other Side of Town" inaeleza vizuri jinsi umaskini unavyomfungia mtu upande mmoja wa mji, na "The Makings of You" ni wimbo wa mapenzi uliopambwa kwa vyombo vya nyuzi kwa ustadi mkubwa. "Miss Black America" ilikuwa na maana yake, kwa kuwa shindano la urembo la jina hilo lilikuwa limeanza mwaka 1968 kupinga ubaguzi wa mashindano ya kawaida, lakini muziki wake haunigusi. "Wild and Free" napita. "Give It Up", inayofunga albamu, ni wimbo wa ndoa inayovunjika, nami sijawahi kuridhika kwamba kazi ya uzito huu ilipaswa kuishia hapo. Wanaosema albamu hii haina doa wanaipenda kupita kiasi.

Lakini wanaosema kwamba ilitangulia wenzake wanasema kweli. "What's Going On" ya Marvin Gaye, ambayo kwa kawaida ndiyo inayotajwa kwanza watu wanapozungumzia albamu ya souli yenye siasa, ilitoka Mei 1971, miezi minane baadaye. Sisemi hivyo ili kumpunguzia Gaye heshima. Nasema kwa sababu msikilizaji anayeanza na Gaye kisha akamwendea Mayfield hudhani anasikia mwigaji, wakati mpangilio wa miaka ni kinyume.

Vijana huingia kwa mlango mwingine kabisa. Wengi wao wanazijua tarumbeta za "Move On Up" kutoka "Touch the Sky" ya rapa Mmarekani Kanye West ya mwaka 2005, ambamo zilichukuliwa na kupunguzwa mwendo, na wanapousikia wimbo wenyewe hushangazwa kwanza na kasi yake. Ni wimbo wa kumtia moyo kijana asikate tamaa hata njia ikiwa ngumu. Haukuingia katika orodha za mauzo za Marekani, lakini Uingereza ulifika nafasi ya 12 mwaka 1971. Sifa wanayoupa ni furaha, na ni kweli una furaha, ila nawaomba wasikilize furaha hiyo imetengenezwa kwa jasho kiasi gani. Katika albamu una urefu wa karibu dakika 9. Uimbaji unamalizika katikati ya safari, na kuanzia hapo kazi yote inabebwa na dramu, tumba na vyombo vya kupuliza, bila neno hata moja, kana kwamba mwimbaji amekwisha kusema lake na sasa ni zamu ya watu kupanda. Toleo fupi lililotengenezwa kwa ajili ya redio limekata sehemu hiyo karibu yote. Kwa hiyo mwenye kuusifu wimbo huu kwa toleo la dakika tatu anasifu nusu ya kwanza tu, nami namshauri atafute toleo la albamu, alipige kwa spika zenye uwezo wa kutoa besi, maana spika ya simu huimeza, na asilikate hadi ngoma ya mwisho ififie.