Ufanisi wa soko si kufana kwa soko

Jana barazani, baada ya isha, kijana mmoja anayefuatilia hisa za Dar es Salaam kwenye simu akasema: "Soko letu halina ufanisi, bei hazitabiriki kabisa." Nikanywa kahawa yangu kimya. Ni mara ya tatu mwezi huu naisikia, na kila mara imepinduliwa vile vile.

Soko la hisa lina ufanisi pale habari zinazojulikana zinapokuwa zimeshaingia kwenye bei. Basi.

Linalotuponza ni neno lenyewe. Ufanisi limezaliwa na kufana: arusi imefana, mavuno yamefana. Mtu akisikia soko lina ufanisi, anaona watu tele na faida nono. Eugene Fama, mchumi wa Marekani aliyeipanga dhana hii mwaka 1970, hakukusudia hayo. Aliuliza bei inajua nini: bei zilizopita tu, au pia yote yaliyotangazwa, au hata siri za wakubwa wa kampuni?

Nenda mnada wa samaki Malindi, hapa Unguja. Dalali akianza kunadi jodari, wachuuzi wameshahesabu mashua zilizorudi. Ukija mbio na habari kwamba leo samaki wengi, umechelewa, bei imeshaisikia. Itakayoisogeza tena ni habari mpya, na hiyo hakuna aijuaye kabla, ndiyo maana bei hiyo haitabiriki. Karafuu ya Pemba ni kinyume chake. ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, hununua kwa bei iliyopangwa, kwa hivyo ya kesho unaijua leo. Inatabirika vizuri sana, na habari mpya haiigusi.

Wapimaji basi huangalia kama mwendo wa hisa wa jana unadokeza wa leo. Usipodokeza kitu, soko limefaulu mtihani wa chini kabisa. Katika soko dogo mtihani huu una mtego: hisa isiyouzwa siku kadhaa bei yake husimama, kisha ikiguswa hukimbilia wenziwe waliotangulia. Kwenye hesabu utaona mfuatano unaotabirika, kumbe ni bei iliyolala. Fama mwenyewe alikiri kwamba ukipima ufanisi unapima pia dhana yako ya faida inayostahili, na matokeo yakiwa mabaya hujui kipi kimekosea.

Kwa hivyo, mwanangu, bei zisizotabirika ni ushahidi wa kulitetea soko. Kama kinachokuudhi ni kwamba unataka kuuza na mnunuzi haonekani, hapo sema soko halina ukwasi. Hilo sitakubishia, na kahawa nitalipa mimi.