Kidole tumbo sio ugonjwa jamani, kila mtu anacho

Naomba tuliongelee hili neno kidole tumbo maana linatuchanganya na kuchanganyikiwa kwenyewe kunaumiza watu. Mwaka juzi mdogo wangu aliamka tumbo linamuuma kitovuni, chai hakugusa, akatapika, ilipofika mchana maumivu yakahamia chini upande wa kulia akawa anatembea kajikunja, nikasema isije ikawa kidole tumbo. Shangazi akajibu kwa uhakika kabisa, "Kwenye ukoo wetu hakuna mwenye kidole tumbo." Basi akachemshiwa tangawizi, tukalala. Kesho yake usiku ndo akapasuliwa, na kilikuwa kimeshaanza kutoboka.

Sasa shangazi alikuwa anaongea kama wengi tunavyoongea, "fulani ana kidole tumbo", kana kwamba ni kitu kinaingia mwilini. Ukweli ni kwamba kidole tumbo ni kiungo kama bandama au kongosho, kijimrija kilichoziba upande mmoja kimejishikiza pale utumbo mpana unapoanzia, mara nyingi urefu wake ni kama sentimita 9. Ugonjwa ni pale kinapovimba, na huo ndo unaitwa apendisaitisi, hiyo -itisi ya mwisho maana yake ni uvimbe, kama kwenye tonsilaitisi. Na msidhani ni sisi tu tuliochanganya, hata madaktari zamani walidhani shida inaanzia kwenye utumbo wenyewe na wakaupa ugonjwa jina la utumbo, mpaka 1886 Reginald Fitz, daktari wa Boston, alipoonyesha kwamba chanzo ni kile kijimrija na akaupa jina hili tunalolijua. Jina lilipokaa sawa na matibabu yakajua pa kuelekea, ndo maana nalishupalia hili.

Wengine wanasema kidole tumbo ni tafsiri ya apendiksi, hapana. Apendiksi ni Kilatini, inatoka kwenye kitenzi cha kuning'iniza, ndo maana hata viambatisho vya nyuma ya ripoti vinaitwa hivo hivo. Madaktari wanaongezea neno lingine la Kilatini lenye maana ya umbo la mnyoo. Kwa hiyo wao waliona kitu kinachoning'inia, wakaona mnyoo, Kiswahili kikaona kidole! Ni kidole cha tumboni, ile "cha" imeachwa kama tunavyosema mbwa mwitu au askari kanzu. Kwenye kamusi utakuta pia kibole, ila mtaani sijawahi kumsikia mtu akilitumia.

Alafu kuna wanaowacheka wenzao kwa kutamka apenDIKsi, eti sahihi ni kukaza PEN. Hiyo ni kwa Kiingereza. Neno likishaingia kwetu mkazo unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo anayesema apenDIKsi anaongea Kiswahili safi, mwacheni.

Na zile mbegu za mapera tulizotishiwa utotoni, eti ukizimeza zinaziba kidole tumbo? Mara nyingi kinachoziba ule mrija ni kinyesi kilichokauka, au nyama za ndani yake zenyewe kuvimba. Kitu ulichomeza kinaweza kuingia ila ni nadra, mfano upasuaji wa kwanza unaojulikana wa kuondoa kidole tumbo, alioufanya Claudius Amyand huko London mwaka 1735, mgonjwa alikuwa mtoto wa miaka 11 na ndani walikuta pini. Pini, sio pera. Eti pia kidole tumbo hakina kazi, wakati kimejaa chembe za kinga, japo kikitolewa mtu anaishi vizuri tu.

Kinachonitisha zaidi ni ile imani kwamba maumivu yakikata ghafla basi umepona. Saa nyingine yanakata kwa sababu kimepasuka, usaha unamwagika tumboni, na baada ya muda tumbo zima linaanza kuuma na kukakamaa. Ukifika hospitali usiseme tu tumbo linauma, sema lilianzia wapi na likahamia wapi.

Siku mdogo wangu anaruhusiwa, shangazi alimuuliza nesi kwa sauti ya chini, "Mwanangu, kwa hiyo na mimi ninacho?" Nesi akamwekea kidole kati ya kitovu na mfupa wa nyonga, upande wa kulia, akamwambia kipo hapa mama. Shangazi akapashika mwenyewe, akakaa kimya kidogo, alafu akaanza kunihesabia watu wa ukoo wetu waliowahi kufa kwa "tumbo".