Nguo zinazochakaa haraka na mzigo wake kwa Ziwa Tanganyika

Maji yanayoingia Ziwa Tanganyika hukaa humo kwa muda mrefu kuliko umri wa binadamu yeyote. Ziwa hili, lenye urefu wa takriban kilomita 670 na kina kinachofikia mita 1,470, lina njia moja tu ya kutolea maji, yaani mto Lukuga ulioko upande wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na sehemu kubwa ya maji yake huondoka kwa kugeuka mvuke. Mvuke haubebi takataka. Kitu kisichooza kikishaingia ziwani hubaki humo, ama kikielea, ama kikizama, ama kikimezwa na samaki, na miongoni mwa vitu vinavyoingia bila mtu kuviona ni nyuzi za nguo tunazovaa na kufua kila siku.

Zamani nguo iliyochakaa haikuwa taka ya kusumbua. Kanga ya pamba ilianza kuwa vazi la kutokea, baadaye ikawa ya kushindia nyumbani, kisha ikabebea mtoto, mwishowe ikawa tambara la jikoni, na ilipotupwa shambani udongo uliimaliza. Hali hiyo imebadilika katika kipindi ambacho wengi wetu tumekishuhudia. Kati ya mwaka 2000 na 2015 uzalishaji wa nguo duniani ulikaribia kuongezeka maradufu, huku idadi ya mara ambazo nguo moja huvaliwa kabla ya kuachwa ikipungua. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira linakadiria kuwa taka za nguo na vitambaa hufikia tani milioni 92 kwa mwaka, na nguo kuukuu zinazorudishwa kiwandani na kutoka zikiwa nguo mpya hazifiki asilimia 1. Zaidi ya nusu ya nyuzi zote zinazotengenezwa duniani sasa ni poliesta, ambayo hutokana na mafuta ya petroli na ambayo, kikemia, ni plastiki ileile inayotengenezewa chupa za maji ya kunywa.

Kampuni zinazozalisha nguo kwa kasi hufuata hesabu moja: kutoa mitindo mipya mfululizo, kwa bei ndogo kiasi kwamba mnunuzi haoni tabu kuiacha nguo baada ya kuivaa mara chache. Hesabu hiyo haikamiliki bila poliesta, kwa sababu ni nafuu, haijikunji na hukauka upesi. Mara nyingi huchanganywa na pamba katika uzi mmoja, na mchanganyiko huo ndio unaofanya kazi ya kuirejeleza nguo kuwa ngumu na ghali. Pamba nayo ina gharama zake. Fulana moja ya pamba inakadiriwa kutumia lita 2,700 za maji tangu shambani hadi dukani, na Bahari ya Aral, huko Asia ya Kati, ilikauka kwa sehemu kubwa baada ya mito yake kuelekezwa kwenye mashamba ya pamba kuanzia miaka ya 1960. Pamba ya Igunga na Nzega, mkoani Tabora, majirani zetu sisi wa Kigoma, hutegemea mvua, kwa hiyo lawama hiyo haiwahusu. Linalosikitisha ni kwamba sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania husafirishwa nje ikiwa ghafi, wakati mkulima aliyeilima huvaa poliesta iliyotoka ng'ambo.

Ni muhimu kuweka wazi kwamba mtumba wenyewe si adui. Shati lililokwisha kuvaliwa Ulaya na likavaliwa tena Kasulu kwa miaka minne ni shati moja jipya ambalo halikulazimika kutengenezwa, na biashara hii inalisha familia nyingi katika masoko yetu. Tatizo liko ndani ya balo. Mfanyabiashara hununua balo likiwa limefungwa, akitegemea daraja lililotajwa na muuzaji wa jumla, na anapolifungua hukuta nguo nzuri, za wastani, na nyingine ambazo hakuna mteja atakayezichukua kwa bei yoyote: zilizotoboka, zilizotanuka shingoni, zenye madoa yasiyotoka. Kadiri nguo zinavyotengenezwa kwa ubora mdogo huko zinakotoka, ndivyo fungu hili la mwisho linavyokuwa kubwa, na hasara yake humwangukia yule aliye mwisho wa mnyororo.

Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba hatua kwa hatua ifikapo 2019. Marekani ilipotishia kuondoa upendeleo wa ushuru uliotolewa chini ya AGOA, mpango wake wa kuingiza bidhaa za nchi za Afrika bila ushuru, nchi nyingine zilirudi nyuma, Tanzania ikiwemo. Rwanda ilishikilia msimamo wake, na mwaka 2018 nguo zake zikasimamishiwa upendeleo huo. Kwa upande wa mazingira peke yake, naona kwamba marufuku isingetuokoa. Nafasi ya mtumba ingejazwa na nguo mpya za bei ya chini, zile zinazoitwa spesho, ambazo nyingi ni poliesta nyepesi, nazo zingechakaa mapema kuliko mtumba mzuri.

Ziwa linaguswa na nguo hizi kwa njia tatu. Ya kwanza ni nyuzi zinazokatika. Kila nguo ya poliesta inapofuliwa huachia vinyuzi vidogo sana, vingi visivyoonekana kwa macho, ambavyo huondoka na maji ya povu. Kufua kwa mkono kunaonekana kutoa vinyuzi vichache kuliko mashine, lakini panapofuliwa ufukweni, kama ilivyozoeleka katika vijiji na mitaa mingi ya kando ya ziwa, hakuna kitu chochote kati ya beseni na samaki. Shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, lilikadiria mwaka 2017 kwamba takriban asilimia 35 ya chembe za plastiki zinazoingia baharini zikiwa tayari ndogo hutokana na ufuaji wa nguo za aina hii. Kwa maziwa yetu, utafiti uliochapishwa mwaka 2016 kuhusu sangara na sato walionunuliwa Mwanza ulithibitisha kuwepo kwa plastiki tumboni mwa samaki mmoja kati ya watano, na poliesta ilikuwa miongoni mwa plastiki zilizotambuliwa. Jambo hili linatugusa kwa karibu zaidi hapa Kigoma, kwa sababu dagaa wetu huliwa mzima, pamoja na tumbo lake.

Njia ya pili ni joto. Sekta ya nguo na vitambaa inakadiriwa na Umoja wa Mataifa kuchangia kati ya asilimia 2 na 8 ya gesi zinazoongeza joto duniani. Kwa Ziwa Tanganyika matokeo ya joto hilo yanajulikana vizuri kuliko kwa maziwa mengi. Virutubisho vya ziwa hili vimelala kwenye kina, na hupanda juu pale tu upepo wa kusi unapoyachanganya maji. Maji ya juu yakizidi kupata joto huwa mepesi, hukataa kuchanganyika na yale mazito ya chini, na vimea vidogo vya kijani vinavyoelea, ambavyo ndivyo msingi wa chakula cha dagaa na migebuka, hukosa lishe. Watafiti waliochapisha matokeo yao mwaka 2003 walikadiria kuwa uzalishaji huo wa msingi ulikuwa umepungua kwa karibu asilimia 20. Uvuvi uliposimamishwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 ili samaki wapate kuzaliana, kila kaya ya Kibirizi na Katonga ilielewa uzito wa jambo hilo bila kuhitaji takwimu. Nyavu haramu na wingi wa wavuvi ni sehemu kubwa ya sababu. Joto ni sehemu nyingine, na halizuiliki kwa doria.

Njia ya tatu ni nguo zenyewe zinapotupwa. Zile zisizouzika huishia kwenye makorongo au kwenye moto. Mji wa Kigoma umejengwa juu ya miteremko, na mvua za kuanzia Novemba husomba kila kilichotupwa kwenye mifereji hadi ziwani. Moto nao si suluhisho: poliesta haiungui ikaisha kama pamba, bali huyeyuka, hudondosha matone yanayonata ambayo huunguza ngozi vibaya, na hutoa moshi wenye kemikali za sumu ambao watoto na wagonjwa wa pumu huuvuta kwanza.

Kujua nguo imetengenezwa kwa nini hakuhitaji maabara. Chomoa uzi mmoja kwenye pindo, ushike kwa koleo juu ya sahani, uuwashe kwa kiberiti: uzi wa pamba hunuka kama karatasi inayoungua na kuacha jivu laini, wa poliesta hujikunja, hunuka plastiki na kuacha kishanga kigumu cheusi. Jaribio hilo dogo linatosha kumsaidia mnunuzi kuchagua, na fundi cherehani kutenga vipande. Mabaki ya pamba yanafyonza mafuta vizuri, hivyo gereji na mafundi wa injini za boti wana matumizi nayo. Ya poliesta hayafyonzi, lakini yakikatwakatwa hujaza mito na viti vya sofa kwa miaka mingi, mahali ambapo hayafuliwi wala hayachomwi. Kuhusu ufuaji, nawasihi akina mama na vijana wafue mbali na ufukwe, wamwage maji ya kufulia kwenye udongo na si kwenye mfereji, maana udongo hunasa sehemu kubwa ya vinyuzi. Nguo mpya ya poliesta huachia vinyuzi vingi zaidi katika mafuo yake ya mwanzo, kwa hiyo hayo ndiyo yasifanyike kabisa ziwani.

Manispaa na halmashauri zina wajibu wa kisheria wa kusimamia taka ngumu chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na mahali pa kuanzia ni sokoni, kwa kutenga sehemu ambapo mabaki ya mabalo yatakusanywa peke yake kabla hayajachanganyika na maganda ya ndizi. Hata hivyo, haitakuwa haki gharama hiyo kuachiwa Kigoma. Ufaransa ina sheria, iliyoanza mwaka 2007, inayowataka wanaoingiza nguo sokoni wachangie gharama za kuzikusanya na kuzichambua zinapochakaa. Tangu tarehe 1 Januari 2025 nchi zote za Umoja wa Ulaya zinawajibika kukusanya nguo chakavu kando na taka nyingine, jambo ambalo huenda likaongeza nguo zinazotafuta wanunuzi katika nchi kama yetu. Tanzania na jirani zake watatu wanaochangia ziwa hili, yaani Burundi, Kongo na Zambia, wana sababu ya kudai kwa pamoja mambo mawili katika mazungumzo ya biashara: kwamba nguo zichambuliwe kikamilifu kabla ya kufungwa kwenye balo, na kwamba sehemu ya mchango unaotozwa kwa mzalishaji ifuate nguo hadi katika soko la mwisho inakouzwa.